Kabla ya Kununua Maharage, Uliza Yalivunwa Lini

Mwezi Machi nilinunua kilo 10 za maharage ya njano kwa muuzaji ambaye sitamtaja, yakiwa yamepepetwa vizuri, hayana jiwe wala tundu la mdudu. Niliyaloweka usiku kucha yakavimba, nikayabandika asubuhi, na kufikia adhuhuri nilikuwa nimeongeza mkaa mara tatu ilhali yanateleza chini ya mwiko kama kokoto. Mama mkwe, aliyekuwa akinitazama tangu mwanzo bila kusema neno, aliokota harage moja, akaling'ata, akasema, "Haya ni ya mwaka juzi, mwanangu."

Tangu siku hiyo nimepokea malalamiko ya aina hiyo hiyo kutoka kwa wasomaji kadhaa, na ndiyo maana mwongozo huu hautazungumzia ukubwa wa punje wala wingi wa mawe, mambo ambayo kila mnunuzi anayaona kwa macho yake. Hata wingi wa protini hausaidii sana kuchagua, kwa kuwa maharage, kunde, choroko na mbaazi zote zina takribani gramu 21 hadi 24 katika kila gramu 100 za punje kavu. Mtu mzima mwenye kilo 60 anahitaji karibu gramu 50 za protini kwa siku, na kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa humpatia gramu 15 hivi. Tofauti kubwa kati ya gunia moja na jingine ni umri.

Maharage yanapokaa miezi mingi kwenye ghala lenye joto na unyevu, kama maghala mengi ya ukanda wetu wa pwani, madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyomo ndani ya punje huachiliwa polepole na kwenda kuushika ule utomvu unaounganisha chembe zake. Utomvu huo ukishakazwa hivyo, maji ya moto hushindwa kuuyeyusha, na punje hubaki ngumu hata ikichemka nusu siku. Wengi hudhani kuloweka kutawafichulia kasoro hii, lakini maharage ya zamani hunywa maji na kuvimba kama mapya, kisha yakakataa kuiva. Mimi mwenyewe nilidanganyika hapo.

Hasara haiishii kwenye mkaa. Mpishi aliyechoka kusubiri hutia magadi, ambayo hulainisha maharage kweli, lakini huongeza sodiamu katika chakula cha watu ambao pengine tayari wana shinikizo la damu, na huharibu sehemu ya vitamini B1. Asiyetia magadi huepua mapema, na maharage yasiyoiva, hasa mekundu, yana lektini, sumu ya asili inayoweza kumtapisha mtu saa chache baada ya kula. Kisha watoto huyakataa, na nyumba nzima hupoteza chakula ambacho manufaa yake yamethibitishwa: uchambuzi wa majaribio 26 uliochapishwa Kanada mwaka 2014 ulionyesha kwamba kula takribani gramu 130 za jamii ya kunde kila siku hupunguza lehemu mbaya kwa karibu asilimia 5. Bibi zetu waliochanganya mahindi na maharage katika makande walikuwa sahihi pia, kwa kuwa lisini, kijenzi cha protini kilicho haba katika mahindi, imejaa katika maharage. (Vitamini B12 haimo kabisa, kwa hiyo dagaa na mayai yasifukuzwe mezani.)

Chaguo langu la kwanza, na sifichi upendeleo, ni maharage ya kablanketi kutoka Mbeya, yale ya kijivu kinachoelekea zambarau. Yakiwa mapya huiva haraka, mchuzi wake huwa mzito bila kuungwa na chochote, na rangi yake husema ukweli, kwani yakizeeka hufifia na kupoteza mng'ao. Yanunue katikati ya mwaka, mavuno ya Nyanda za Juu Kusini yanapofika sokoni, na uyatumie kabla ya masika yanayofuata.

Chaguo la pili ni maharage ya njano, kwa sharti la kuwa na rangi angavu, kwa maana yakianza kuelekea hudhurungi yamekwisha kupitwa na msimu. La tatu ni choroko, ambazo huiva bila kulowekwa na humfaa mtu anayerudi kazini jioni. Kunde na mbaazi nazipenda kwa nazi, lakini nazinunua kidogo kidogo. Soya ina protini nyingi kuliko zote, takribani gramu 36, ila ni chakula cha kusagwa baada ya kupikwa au kukaangwa, na siwezi kuishindanisha na vitu vya chungu. Karanga zina hatari ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, zikihifadhiwa vibaya. Maharage ya mchanganyiko ni ya bei nafuu, lakini punje zake haziivi pamoja, yaache.

Njia pekee ninayoiamini ni kununua robo kilo kwanza, kuipika, na kurudi siku ya pili kuchukua gunia lile lile. Zingatia kama punje zote zinaiva pamoja, kwa sababu wauzaji wengine huchanganya msimu mpya na wa zamani, na matokeo yake nusu ya chungu hupasuka huku nusu nyingine ikibaki mbichi.

Ukiuliza umri, jibu ni moja katika kila soko: "Ni mapya, dada." Nilidhani pakiti za madukani zingeniokoa, kumbe zimeandikwa tarehe ya kufungashwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, na hakuna hata moja niliyoiona ikitaja mwezi wa mavuno, ingawa bei yake inazidi ya sokoni. Mfungashaji anaweza kufungasha leo maharage ya misimu miwili iliyopita bila kuandika uongo wowote.

Nilipozirudisha kilo saba zilizobaki, muuzaji wangu aliniambia kwamba kosa ni la maji ya kisima chetu. Hoja yake ina ukweli ndani yake, kwa kuwa maji yenye kalsiamu nyingi huchelewesha maharage kuiva, lakini kwa maji hayo hayo kablanketi ya msimu mpya iliiva kwa muda wa saa moja na nusu. Nilimweleza hivyo. Akaniuliza kama nahitaji magadi, maana na yenyewe anauza.