Mashine ya presha ya nyumbani: inafaa, lakini haitambui kiharusi

Mashine hii ya kupima presha, ya mkanda unaofungwa juu ya kiwiko, tuliinunua katika duka la dawa hapa Mwanza kwa ajili ya baba mdogo, ambaye presha yake hupanda bila yeye kuhisi lolote. Baada ya miezi 8 naisifu kwa dhati: tarakimu zake mzee anazisoma bila miwani, na majibu yake yanakaribiana na ya zahanati, mradi mpimwaji ameketi kimya kwa dakika 5, nyayo zikiwa chini na mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Mkanda wake ni mfupi kwa mkono mnene, jambo linaloweza kupandisha namba isivyo kweli, hivyo mnunuzi aujaribu dukani kabla ya kulipa.

Hata hivyo, siwezi kuipendekeza bila kueleza jinsi ilivyotuchelewesha. Jioni moja kikombe cha chai kilimponyoka baba mdogo katika mkono wa kulia, na mdomo wake ukavutika kushoto. Tukaikimbilia mashine, tukampima mara tatu, na iliposoma 138/86 tukatulia tukiamini ni uchovu, ilhali kiharusi humpata hata mtu ambaye presha yake wakati huo haijapanda sana.

Jirani yetu muuguzi alipoingia hakuigusa. "Baba, cheka kidogo niyaone meno," alimwambia, na upande wa kulia wa uso haukusogea. Akamtaka afumbe macho na kunyoosha mikono yote miwili. Wa kulia ukashuka taratibu. Akamtaka arudie, "Leo sato wamepanda bei Mwaloni," na maneno yakatoka yamevurugika. Kisha akatuuliza ni saa ngapi alionekana mzima mara ya mwisho, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT kuthibitisha kwamba ubongo hauvuji damu. Tulimkimbiza hospitali ya Bugando bila kumpa maji, ambayo yangeweza kumpalia, wala aspirini, ambayo ni hatari iwapo damu inavuja. Alitusisitizia pia kwamba hata dalili zikitoweka baada ya dakika chache, mgonjwa apelekwe vilevile.

Kijitabu cha maelekezo kinaeleza betri na usafishaji wa mkanda, lakini dalili hizi hakizitaji popote. Tumezibandika wenyewe kwenye mfuko wa mashine, chini ya namba ya dereva wa teksi tunayemwamini: uso, mkono, usemi, na nafasi ya kuandika saa.