Darasa la jioni la wasimamizi hapa Tabora: lina faida?

Lina faida, tena kubwa. Kama umewekwa juu ya wenzako kazini na hukufundishwa lolote zaidi ya kushika daftari la mahudhurio, nenda. Mimi nasimamia akina mama wanaochuja na kufungasha asali ya Sikonge. Nilijiandikisha kwa sababu unyapara umenichosha.

Mwalimu anamgusia Frederick Taylor, mhandisi Mmarekani aliyepima kazi kwa saa ya mkononi, halafu anakupeleka kiwanda cha Hawthorne cha Western Electric, kampuni ya vifaa vya simu, karibu na Chicago. Kuanzia 1924 watafiti walijaribu kubadili mwanga wa taa kiwandani, majibu yakawa hayaeleweki. Mwaka 1927 wakawatenga wasichana watano wa kuunganisha rilei (swichi ndogo za umeme) za simu, wakawapa mapumziko na kuwapunguzia saa. Kazi ikapanda. Masharti ya zamani yaliporudishwa, haikushuka hadi ilikoanzia. Elton Mayo, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliona sababu ni watu kusikilizwa na kushikamana.

Mama mmoja wa ushirika wa tumbaku akanyoosha mkono: "Mwalimu, na malipo yao je?" Hapo darasa likachangamka. Mwalimu hakukwepa. Alisema wasichana wale walitolewa kwenye malipo ya kundi kubwa wakalipwa kulingana na kazi ya kikundi chao wenyewe, na wawili waliondolewa mwaka 1928 kwa maongezi mengi, wakaletwa wengine. Nampa heko kwa hilo, maana kuna wakufunzi wanaoishia kwenye "wapende wafanyakazi wako". Kumsikiliza mtu ni kazi halisi, lakini hakulipi ada ya mtoto wake.

Kilichopungua ni jaribio jingine la hapo hapo Hawthorne, chumba cha wanaume 14 wa kufunga nyaya, 1931 hadi 1932. Tulikipitia mbiombio. Wanaume wale walijiwekea kiwango chao cha siku, na aliyezidisha alipigwa ngumi ya mkono. Walihofia kwamba wakizidisha, bei ya kazi itashushwa. Mezani kwetu hakuna ngumi, ila kuna jicho: binti anayebandika lebo haraka hutazamwa na wenzake, na kabla ya saa sita mwendo wake umeshalingana na wao. Mimi nilitaka jioni nzima juu ya jicho hilo, na nimemwambia mwalimu hivyo.

Ukienda, beba mambo ya kazini kwako uyaulize. Wahi pia viti vya mbele, feni ni moja tu.