Hatua za kupambana na uhuni katikati ya Lubumbashi: tathmini ya mpita njia

Huduma ninayoipima hapa si ya duka wala ya hoteli. Ni hatua ambazo wakuu wa mji huchukua mara kwa mara ili katikati ya Lubumbashi, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pawe na utulivu: kuwaondoa wauzaji kwenye njia za waenda kwa miguu, kuwazuia waendesha pikipiki tunaowaita manseba wasiingie barabara fulani, kuwakusanya watoto wa mitaani, na kuandika ukutani kwamba atakayekojoa hapo atalipa faini. Kazi yangu iko karibu na uwanja wa Posta, kwa hiyo napita huko asubuhi na jioni.

Asubuhi nasifu bila kusita. Kutoka stesheni ya treni hadi Posta, mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kutembea bila kulazimika kushuka barabarani kati ya taksi, na kelele za pikipiki zimepungua.

Jioni ni habari nyingine. Maduka yanapofungwa, polisi waliokuwa kwenye njia panda huondoka, umeme mara nyingi hukatika, na vijana waliolewa lutuku, pombe kali ya kienyeji, huanza kuwafuata wasichana wanaongoja taksi. Kwenye kona ninapongoja mimi, zamani walikuwapo akina mama watatu waliouza mahindi ya kuchoma na karanga hadi usiku, wakiwa na taa zao ndogo. Walitufahamu, na waliwafahamu pia vijana wale. Siku moja mmoja wao alimwita mnyang'anyi kwa jina la mama yake, na simu ya mwanafunzi ikarudishwa papo hapo. Akina mama hao wamefukuzwa kwa jina la usafi, lakini walevi wamebaki. Hapo ndipo naona kosa kubwa la hatua hizi: zinamhesabu muuzaji maskini kuwa sawa na mhuni, kisha zinaiacha kona bila mtu hata mmoja wa kuilinda. Nimeshuhudia pia beseni la nyanya likichukuliwa na watu waliovaa fulana zisizo na alama yoyote, wala hawakumwachia mwenye mali kitansi, yaani risiti. Adhabu ya namna hiyo haimfundishi mtu kuheshimu sheria.

Kuhusu watoto wa mitaani, nasema kwa uchungu. Wengi wao walifukuzwa nyumbani baada ya kuitwa wachawi, ilhali sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi, na inamtaja mtoto wa namna hiyo miongoni mwa wanaostahili ulinzi wa pekee. Kumpakia mtoto kwenye gari na kumshusha mbali na mji ni kinyume cha ulinzi huo, na baada ya siku chache anarudi palepale, akiwa na njaa zaidi na hasira zaidi.

Maandishi ya ukutani sina mengi ya kuyasema. Faini bila choo cha umma kilicho wazi na safi haiwezi kufaulu.

Vyombo vya kurekebisha mambo haya tunavyo. Dekreti, yaani amri ya serikali, ya mwaka 2013 iliunda mabaraza ya usalama wa ujirani, ambamo viongozi wa mji au wa komini (sehemu ya mji yenye uongozi wake) hukaa pamoja na polisi kuyatazama matatizo ya eneo lao, na mwezi Desemba 2023 tulipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua washauri wa komini. Kwao ndiko napeleka ombi langu: kabla ya kutoa amri nyingine, waje wasimame kwenye kona ile saa moja jioni, wahesabu taa zinazowaka, wawaulize wasichana wanaongoja taksi ni nani wanayemwogopa, kisha wawatafute wale akina mama watatu na kupatana nao saa za kuuza, mahali pa kukaa na kodi ndogo inayolipwa kwa kitansi.