Walinizimia wimbo katikati kisa kopo la enaji

Nimekaa na hasira hii muda, nikidhani itapoa. Haijapoa. Kuna banda la gemu maeneo ya Sinza, jina silitaji, lenye gitaa la Guitar Hero, ile gemu ya kubana vitufe kwenye gitaa la plastiki kufuata noti zinazoshuka kwenye tivi. Wanaoujua mchezo watanielewa: magitaa haya hayapatikani. Toleo la kwanza lilitoka 2005, Activision wakausimamisha 2011, wakarudi 2015, na baada ya hapo kimya. Hapa Dar kila banda ni mpira, mpira, mpira. Kwa hiyo niliposikia kuna sehemu yenye gitaa, katuni za kusoma na friji la vinywaji, nilifunga safari kutoka Mbagala.

Na mwanzoni nilifurahi mno. PS2, ile mashine ya gemu ya zamani, wameiunga kwenye tivi ya chogo! Aliyewahi kupiga gemu hii kwenye tivi flati anajua mateso yake: picha inachelewa kidogo tu, lakini wewe umeshacharaza kwa mdundo na unaambiwa umekosea. Utahangaika na mipangilio mpaka uchoke. Chogo haicheleweshi kitu. Noti inafika kwenye duara, kidole kimebana, tak, imeingia. Kwenye rafu ya katuni nikakuta Sani za zamani, kurasa zimeshakuwa kahawia, Madenge yumo. Ingeishia hapo ningewapa nyota tano bila kuulizwa.

Tatizo ni sheria ya kopo. Mbali na hela ya gemu, kila baada ya muda sharti ununue enaji. Haijaandikwa popote, unaambiwa ukishakaa. La kwanza nikanunua, la pili nikanunua. Kopo dogo la mililita 250 huwa na kafeini kama miligramu 80. Makopo mawili ya harakaharaka, tumbo tupu, vidole vikaanza kutetemeka. Na gemu hii ni vidole! Kijani, nyekundu, njano, bluu, chungwa: vitufe vitano, vidole vinne, lazima mkono uteleze. Unanilazimishaje kunywa kitu kinachoniharibia kile nilicholipia?

La tatu nikakataa. Nikamwambia yule kijana wa kaunta kwa heshima kabisa, "Mdogo wangu, nipe maji, nitakulipa bei ileile ya enaji." Hakunijibu. Nilikuwa kwenye ule wimbo wa bendi ya DragonForce wa toleo la tatu, dakika saba na ushee, ule unaokuja mwishoni mwa gemu majina ya watengenezaji yakipita. Nimeshavuka pale mwanzo panapowashinda wengi, noti zinamwagika kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Pointi zinazidishwa mara nne, nimeinua shingo ya gitaa ziwe mara nane, watoto nyuma yangu wanapiga kelele. Picha ikakatika. Kugeuka, kijana kashika waya wa PS2 mkononi, ananikazia macho.

"Kaka, hapa si kwenu. Hunywi, huchezi."

Kilichoniuma si hela. Hapana, na hela imeniuma. Lakini unachomoaje waya wa PS2 diski ikiwa inazunguka? Kama kadi ya kumbukumbu ingekuwa inaandikwa sekunde ile, nyimbo zote zilizofunguliwa na wateja waliotangulia zingeweza kupotea. Na ile lenzi ya kusomea diski ikifa, atapata wapi nyingine? Mtu asiyejua thamani ya alichonacho hafai kuachiwa akishike.

Nilimpigia mwenye banda, namba yake ipo ukutani. "Sheria ni sheria, bosi," akakata simu. Hata pole hakusema.

Nilipanga kuandika msikanyage kabisa, nyota moja. Ila nikikumbuka ile chogo nasita. Gitaa lenyewe bado zima, kitufe cha chungwa hakinasi, kibao cha kucharazia kinarudi vizuri. Basi nyota tatu. Hapana, mbili, na hizo ni za tivi na Sani, wao hawana hata moja. Ukitaka kwenda, lipia kopo lao uliache kaunta bila kulifungua, na kabla hujaanza wimbo mrefu mwambie yule kijana atamke kwa mdomo wake kwamba atauacha uishe. Akisita, ondoka. Na wewe mwenye banda, kama unasoma hapa, bandika sheria yako mlangoni watu waione kabla hawajatoa hela, na huyo kijana mwondoe karibu na soketi.