Jaketi la pikipiki kutoka soko la Owino: miezi minane barabarani Kampala–Kabale

Zamani nilivaa kama waendesha boda wengi: jaketi nene la sponji, kinyumenyume, zipu mgongoni, kifua kisipigwe upepo. Kwa baridi linasaidia, sikatai. Ila siku nilipoteleza karibu na Lyantonde, wala sikuwa na mwendo mkali, nailoni ya mkono iliyeyuka kwenye lami ikanigandia kiwikoni. Nesi aliibandua kwa kibano, kipande kimoja kimoja, mimi nikiuma shati.

Hili la sasa nililipata kwenye mivumba (mitumba) ya soko la Owino, Kampala, shilingi 180,000. Muuzaji alinisifia "orijino ya Ulaya, mkubwa," nami nikatafuta lebo ya ndani: EN 17092, yaani kiwango cha Ulaya cha nguo za kinga za waendesha pikipiki, herufi AA. Herufi ni ngazi ya kinga, huanzia C hadi AAA iliyo ya juu kabisa, na B haina pedi kabisa, kwa hiyo soma kabla ya kutoa pesa. Pedi za mabega na viwiko zilikuwemo, zimeandikwa EN 1621-1, kiwango cha pedi za kuzuia kishindo. Mgongoni kulikuwa na sponji tupu isiyo na alama yoyote, ya kujaza mfuko tu. Pedi yenyewe ya mgongo niliinunua baadaye.

Usilijaribu umesimama. Kaa kwenye pikipiki, shika usukani, kisha mwambie mtu aisukume pedi ya kiwiko pembeni. Ikizunguka, ukianguka haitakuwa hapo. Langu lilikuwa pana, fundi cherehani akapunguza bitana ya mikono.

Kuhusu joto, bitana nene inatoka kwa zipu. Kampala hadi Mbarara naiweka kwenye mkoba, matundu ya hewa nimeyafungua, na bado natoka jasho. Ntungamo naivaa. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na ule ukungu wa saa moja asubuhi hauna huruma. Tangu nilinunue sijatetemeka, isipokuwa vidole, na hilo ni kosa la glavu zangu.

Mvua ndiyo inalishinda. Nusu saa tu, maji yanapenya zipu na kutuama mapajani, kwa hiyo juu yake navaa koti la mvua la bei rahisi. Tena ni jeusi tii, usiku malori hayanioni. Nimeshonea utepe wa kung'aa mgongoni na mikononi.

Nikipata lenye rangi kali kwa bei hiyohiyo, hili nampa shemeji yangu, ambaye hadi leo anavaa la sponji kinyumenyume.