Tathmini: projekta ya pikseli 1920 kwa 1200 kwenye skrini ya simuleta ya gofu

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikitumia projekta ya leza yenye pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 1920 kwa 1200, uwiano wa upana kwa kimo wa 16:10 na mwanga wa lumeni 4,000, kumulika skrini ya simuleta ya gofu nyumbani, yaani kitambaa ambacho mchezaji hukipiga kwa mpira halisi, kisha kompyuta huendeleza safari ya mpira huo ndani ya picha ya uwanja. Skrini yenyewe ina upana wa mita 3.2 na kimo cha mita 2.4, yaani uwiano wa 4:3, kwa kuwa chumba ni chembamba lakini dari iko juu vya kutosha mtu kuinua fimbo bila woga. Hii ni projekta yangu ya pili. Ya kwanza ilikaa darini wiki mbili tu kabla sijairudisha dukani, na sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu, kwa sababu nilinunua pikseli kabla ya kupima skrini.

Ile ya kwanza ilikuwa ya 16:9, uwiano wa televisheni ambao ndio umejaa madukani. Nilipoipanga picha ijaze upana wote wa mita 3.2, kimo chake kiliishia mita 1.8, na juu ukabaki ukanda mweupe wa sentimita 60. Mtazamaji wa filamu angeuvumilia ukanda huo. Mpiga gofu hawezi, kwa sababu mpira uliopigwa kwa fimbo yenye uso uliolala hupaa upesi na kugonga pale pale penye weupe, kisha ghafla unaonekana ukiruka chini zaidi, ndani ya picha, kana kwamba ni mpira mwingine. Nilipoikuza picha hadi kimo cha mita 2.4, upana wake ulifika mita 4.27, na zaidi ya nusu mita ya uwanja ikamwagika ukutani kila upande. Dawa yake ni kuiagiza kompyuta itume picha ya 4:3 na kuziacha pembeni giza, lakini hapo zinatumika pikseli 1440 kwa 1080 tu, na robo ya mwanga ulioulipia haifiki kwenye kitambaa.

Sanduku lake lilikuwa limeandikwa 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160, kwa herufi kubwa, na hapo nilikosa umakini. Maandishi madogo ya kijitabu yalieleza kwamba projekta hiyo inapokea mawimbi ya 4K, ilhali pikseli zake zenyewe ni 1920 kwa 1080. Kupokea si kuonyesha. Hilo lisichanganywe na projekta ambazo pikseli zake 1920 kwa 1080 husogezwa kwa kasi kwenye nafasi nne kwa kila picha ili kujenga nukta 3840 kwa 2160. Hizo, kwa maoni yangu, zinastahili kuitwa 4K, ingawa wabishi hawakosekani.

Hii ya 16:10, kwa kimo kile kile cha mita 2.4, hutoa picha kamili yenye upana wa mita 3.84, na ninapoipunguza iwe 4:3 zinabaki pikseli 1600 kwa 1200. Kwenye karatasi tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ni pikseli 364,800 zaidi, na mwanga unaopotea ni sehemu moja ya sita badala ya robo. Faida ya umbali sikuitarajia. Lenzi za projekta zote mbili zilihitaji umbali wa mara 0.7 ya upana wa picha, na upana unaohesabiwa ni wa picha kamili, si wa ile sehemu unayoitumia. Kwa hiyo ile ya 16:9 ililazimika kukaa karibu mita 3 kutoka kwenye skrini, juu kabisa ya kichwa cha mchezaji, ambaye kwangu husimama umbali huo huo. Hii inakaa mita 2.7, mbele yake kidogo, na kivuli cha mabega kilichokuwa kikiingia chini ya picha kimetoweka.

Ukali wa picha nimeupima kwa utulivu zaidi, maana hapa ndipo fedha nyingi hutumika bila hesabu. Nikisogea hadi pua ikaribie kitambaa na kuweka rula, kila pikseli ina milimita 2. Mpira halisi wa gofu, ambao kwa kanuni kipenyo chake hakipungui milimita 42.67, unafunika pikseli kama 21 kutoka ukingo hadi ukingo. Jicho zima likiwa mita 3 kutoka kwenye skrini linaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa takriban milimita 0.9, kwa hiyo ni kweli kwamba pikseli hizi zinaonekana. Ninaziona kwenye maandishi madogo ya takwimu, kwenye matawi ya miti yaliyo mbele ya anga, na hasa kwenye mlingoti wa bendera ya mbali, ambao hugeuka mstari wa pikseli moja unaometameta kila mandhari yanaposogea. Kwenye nyasi, mchanga na maji sioni kasoro, kwa sababu kitambaa cha kupokea mipira kimefumwa kwa nyuzi nene na hulainisha chochote kinachomulikwa juu yake.

Projekta ya 4K halisi ya 16:9 ingenipa pikseli 2880 kwa 2160 ndani ya skrini hii hii, kila moja ikiwa na milimita 1.1, na sitadai kwamba tofauti haipo. Ila kompyuta ingelazimika kuchora pikseli zaidi ya mara tatu, na kadi yangu ya michoro, ambayo sasa inatoa picha 60 kwa sekunde bila taabu, ingeanza kuburuta. Mpira unaokwenda kwa kushtuka-shtuka angani unaniudhi kuliko bendera inayometameta. Mwenye skrini ya 16:9 na kompyuta yenye nguvu anunue 4K bila kusita, maana kwake hakuna pikseli inayotupwa.

Lenzi inaweza kusogezwa juu na chini kwa gurudumu dogo, jambo lililoniepusha na ule urekebishaji wa umbo unaofanywa na programu, ambao huibana picha na kuzilegeza kingo za herufi. Kelele ya feni ni ya wastani. Linalonikera ni kwamba kila programu ya kadi ya michoro inaposasishwa, kile kipimo cha 1600 kwa 1200 nilichokiweka kwa mkono hufutika, na uwanja hurudi kumwagika ukutani. Namba hizo nimeziandika kwenye kikaratasi na kukibandika chini ya kibodi.