Coleman au Goodrow: nani alistahili bei ile?

Februari 2020, ndani ya siku 8, timu ya hoki ya barafu ya Tampa Bay Lightning ilinunua washambuliaji wawili wa safu ya tatu, na kwa kila mmoja ikatoa nafasi ya raundi ya kwanza ya kuchagua chipukizi. Mashabiki wengi waliona ni ubadhirifu.

Kwa Blake Coleman, hesabu inaeleweka. Alitoka New Jersey akiwa na mabao 21 msimu huo, mshahara wake mdogo, mkataba bado una msimu mwingine. Juu ya nafasi ile, Tampa ilimtoa pia chipukizi wake Nolan Foote.

Barclay Goodrow wa San Jose alikuwa na mabao 8 tu! Hapo nawaelewa kabisa waliong'aka, ingawa alikuja na nafasi ya raundi ya tatu, na alicheza kati na pembeni vilevile.

Kwa bei, namchagua Coleman. Barafuni kuwatenganisha ni vigumu: wakiwa na mshambuliaji mwenzao Yanni Gourde walitwaa Kombe la Stanley, taji la ligi yao, 2020 na 2021, na lile bao la Coleman la kujirusha dhidi ya Montreal, kwenye fainali ya 2021, lilitokana na pasi ya Goodrow.